Jumla Haikuanza na Sifuri

"Binti, weka mkono hapa uniambie kama hii ni baridi."

Mama Oktavia alinishika kiganja, akakibandika kwenye mlango wa mashine ya kutotolesha vifaranga.

Nikakitoa haraka. Unaunguza!

Lakini kioo cha mashine kilisoma nyuzi 29, wakati mayai yanataka 37 na nusu hivi... na hita ilikuwa bado inawaka.

Jamani, mle ndani kulikuwa na mayai mia tatu ya akina mama wa usharika wa Mahongole. Siku ya kumi na nane. Zilibaki tatu tu vifaranga vitoke.

Nikachomoa waya.

Mama Oktavia akapasua yai moja. Kifaranga kilishaota manyoya. Hakikusogea.

Akamgeukia Obed, niliyesoma naye chuo na kutengeneza naye hiyo mashine.

"Wewe ndiye uliyekuja juzi kuichokonoa."

Kweli, juzi Obed aliongeza kipimo cha unyevu kwenye programu. Akina mama wakamfukuza, wakamwambia asikanyage tena pale.

Na mimi... nikamwacha aondoke.

Nikajibanza nyuma ya banda na laptop, nitafute kosa lake.

Nikakuta langu.

Programu inasoma joto mara kumi, inajumlisha, inagawanya kwa kumi. Ile variable, yaani kisanduku cha kutunzia jumla, sikuipa thamani ya kuanzia. Lugha ya programu tuliyoanza nayo chuo ingekataa kabisa kuendelea. C, lugha ya mashine hii, haikatai. Inaokota namba yoyote iliyobaki kwenye kumbukumbu.

Tulipoijaribu mashine Njombe, wiki nzima iliokota sifuri. Nikaona kazi imeisha.

Obed alipoongeza mistari yake, ikaokota namba hasi. Wastani ukashuka. Mashine ikadhani ni baridi... ikazidi kupasha.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba kompyuta ilinionya. Nilizima maonyo, Obed asijue nimekosea.

Nilimkuta barabarani anasubiri bodaboda.

"Obed, ni mstari wangu."

"Najua. Niliifungua programu kwenye simu wakati wananifokea, nikauona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikarudi. Nikasema mbele ya akina mama wote. Mama Oktavia alisikiliza hadi mwisho, akafunga dirisha chumba kiwe giza, akanipa tochi.

"Kamwombe mwenzako msamaha, arudi. Halafu mmulike yai mojamoja. Yaliyo hai utanihesabia mwenyewe."

Wenzangu mnaoandika programu, msidhani mahali msipoandika kitu pana sifuri. Iandikeni. Na mkionywa, msizime onyo kwa aibu.

Nilimwomba Obed msamaha, akarudi, akashika trei. Nikamulika yai la kwanza, giza, hakuna kinachotikisika. La pili, giza. La tatu...

Tulipomaliza, mayai ambayo kifaranga kilitikisika ndani yalikuwa kumi na moja.