Aliyepokea Baraka ya Mzee Fabiano

Nukta ya Moris haikuwa imetoka Koboko.

Paska aliifunga programu ya ramani kwenye simu, akaifungua tena. Aliiweka wakati baba yao, mzee Fabiano, alipozidiwa pale nyumbani Aroi, ili aone mdogo wake Moris amefika wapi njiani. Leo alitaka tu kuitazama tena safari ya siku ya kifo, Moris alipokuja kumuaga mzee. Safari haikuwepo. Siku ile nzima, nukta ilitulia Koboko.

Ukoo wote humwuliza Paska nani alizaliwa lini, nani alizikwa wapi. Na siku ile aliiona kwa macho yake: mvua ya mchana, Moris akaingia amelowa, ananuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Dada, chai iko?"

Akamletea. Mzee akamtemea mate ya baraka kiganjani, akasema, "Nyumba hii ni yako. Usitoke." Kisha akakata roho. Chai ilikutwa imejaa kikombeni, haijaguswa.

Paska akampigia Moris.

"Siku mzee alikufa, wewe ulikuwa wapi?"

"Dada, iko nini tena?"

"Nijibu."

"Mimi nilibaki hapa Koboko. Niliogopa kumwona vile. Nilikuja kesho yake, kwa mazishi."

"Kaburini nilisema wewe ndiye ulimshika mkono. Watu wakalia. Na wewe ukainamisha kichwa!"

"Ulisema mbele ya watu wote, dada. Nilifikiri unanifichia aibu."

Paska alitaka kumtukana, lakini harufu ya udongo mbichi ilikuwa imejaa sebuleni ingawa nje jua lilikuwa kali, ikitoka chumba cha mzee, chumba alichokifunga mwenyewe tangu matanga na ufunguo wake akauvaa shingoni, na humo ndani kitanda kikalia taratibu, kama cha mtu mzito anayeamka bila haraka kwa sababu yuko kwake.

"Toka, jini," alinong'ona. "Baraka hiyo si yako. Toka."

Simu ikatetemeka. Kwenye ramani nukta ilikuwa imehamia Aroi, na chini yake paliandikwa kwamba Moris yuko nyumbani tangu siku ile mzee alipokufa.

"Mzee alisema nisitoke," ikajibu sauti nyuma ya mlango.

"Dada," Moris aliuliza kwa hofu kutoka Koboko, "nani huyo anaongea na sauti yangu?"

Kitasa kikazunguka.

"Dada, chai iko?"