Gumba Lenye Kovu

Walikutana kwenye foleni ya benki, mchana wa joto, watu wamebanana. Fundi cherehani alikuwa nyuma, mhandisi mbele, na koti jeupe la mhandisi lilikuwa limefumuka begani.

"Dada, koti lako limekuchoka. Nipe nilishone bure."

"Cha bure ni ghali, kaka."

"Basi nilipe kwa kunieleza kazi yako."

Akamweleza kuwa anaunda injini za ioni, zinazosukuma vyombo vya angani kwa chembe za gesi zilizotiwa umeme.

"Zina nguvu?"

"Kama uzito wa karatasi kiganjani. Ila hazichoki, zinasukuma miaka."

"Hivyo ndivyo nitakavyokupenda."

Mhandisi alicheka mpaka karani akawatazama. Ulimi hauna mfupa, lakini nani hukumbuka hilo akichekeshwa?

Mwaka haukuisha wakawa wachumba. Siku moja fundi alimfuata maabara. Mhandisi aliitwa nje, akamwachia onyo, "Usiguse kitu, mpenzi." Mezani palikuwa na chekeche la injini, bati jembamba lenye maelfu ya matundu. Lilishikwa kwa glavu tu, maana mafuta ya mwili huungua ndani ya tangi la majaribio, umeme ukapiga shoti.

Majaribio yalipoanza, injini ikapiga shoti, ikafa.

"Mpenzi, uliligusa lile bati?" aliuliza kwa simu.

"Mimi? Na ulinikataza?"

Alimwamini. Aliyebaki kushukiwa ni Miwani, mzee wa kuosha vipuri, aliyezoea kumwita mhandisi "mwanangu". Mzee aliapa hakuvua glavu. Wakubwa hawakungoja hata tangi lifunguliwe. Mhandisi akatia saini barua ya kumshtaki, mzee akafukuzwa.

Tangi lilipofunguliwa, juu ya bati palikuwa na alama ya kidole gumba, imeungua nyeusi, na katikati yake mstari wa kovu la mkasi. Kovu hilo mhandisi alikuwa amelibusu mara nyingi.

Jioni alikwenda kwa fundi kupima gauni la harusi. Fundi alipiga magoti, pini mdomoni, akirekebisha pindo. Satini ilimkaa vizuri, na hilo lilimuuma zaidi.

"Malkia wangu, mbona umenuna?"

"Uliligusa bati?"

"Tena? Si nilishakwambia sikuligusa."

Akamwonyesha picha ya alama ile kwenye simu. Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Liling'aa. Nililiinua kwenye mwanga tu. Halafu nikaogopa utaniacha."

"Na mzee alipofukuzwa?"

"Nikaona limeshapita. Yaliyopita si ndwele, mpenzi. Harusi ni Jumamosi."

"Kesho twende ukawaambie wakubwa. Ukienda, nitaolewa nawe hata bila gauni."

Fundi aliinamia pindo. "Mtaa mzima ujue? Siwezi."

Mhandisi akavua gauni, akalikunja, akaliweka juu ya cherehani. Alimpenda bado, na alijichukia kwa hilo. Barabarani, katikati ya kelele za magari, alipiga simu.

"Shikamoo, mzee. Nilikusingizia. Kesho nitawaambia wakubwa, urudi kazini."



"Marahaba, mhandisi," alisema Miwani, akakata simu.