Chemchemi ya Mzee Hategekimana

Tecla alimaliza kuchambua maharage, akachukua ndoo mbili, akashuka bondeni. Alishuka polepole. Zamani njia hii alikuwa akishuka nusu anakimbia, kwa sababu kule chini kulikuwa na mtu wa kucheka naye.

Mtu huyo alikuwa Bonifasia, dada wa mume wake. Bonifasia aliolewa hapo hapo kijijini Ntobeye, upande wa chini wa bonde. Kila asubuhi wifi hao wawili walikutana chemchemini. Tecla alipokuwa bibi harusi mgeni, Bonifasia ndiye aliyemwonyesha pa kukanyaga asiteleze.

"Angalia wifi," alimwambia siku ile. "Ukivunjika mguu hapa, kaka yangu atasema nimemletea mke mbovu."

Walicheka mpaka maji yakamwagika, wakateka upya.

Kiangazi hiki Tecla aliteka peke yake.

Ugomvi ulianzia kwenye mfereji. Danstan, mume wa Tecla, alilima nyanya kando ya chemchemi. Akaziba mkondo kwa mawe na udongo, akachimba mfereji, na maji yote yakaingia kwenye nyanya. Huko chini kijito kikakauka. Bonifasia akapanda na ndoo yake kuuliza.

"Kaka, sisi wa chini tunywe nini?"

"Chemchemi hii aliichimba marehemu baba," Danstan akajibu. "Imo katika shamba nililorithi. Wewe uliolewa, dada. Mwambie mumeo akuchimbie ya kwake."

 Bonifasia akajitwika ndoo tupu, akaondoka. Tangu siku hiyo alikwenda kuteka mtoni, mbali sana, tena kwa njia ya nyuma, asione hata paa la nyumba ya kaka yake. Kanisani alitoka kwa mlango wa pembeni.

Tecla alimkumbuka mno. Alikumbuka sauti yake ikipanda bonde kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Akiinama kuteka, alisikiliza, ingawa alijua hakuna anayekuja. Jioni, rozari mkononi, aliongeza ombi lake mwishoni: "Bwana, nirudishie wifi yangu." Danstan alisikia, akageukia ukutani kama mtu anayesinzia.

Jumapili moja mchana simu iliita. Alikuwa Priscila, binti yao, anayefanya kazi hotelini katika kisiwa cha Mafia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, tunamshukuru Mungu. Nipe shangazi nimsalimie."

Tecla akahamishia simu sikio lingine.

"Mama? Juzi pia ulisema hayupo. Anaumwa?"

Basi Tecla akamweleza yote. Priscila alisikiliza, akashusha pumzi.

"Mama, unajua mimi huku nafua mashuka kwa maji ya bahari?"

"Na ile chumvi?"

"Kuna mashine inayoiondoa kwanza. Yakitoka hapo ni maji baridi kama ya kisima, tunakunywa. Lakini tajiri wetu hakuifunga mashine ile hivi hivi. Alikwenda serikalini kuomba kibali. Wakamwelekeza hata pa kumwaga yale ya chumvi kali yanayobaki, yasije yakaua samaki."

Danstan, aliyekuwa ameketi kando ya simu akijifanya hasikii, akaangua kicheko. "Bahari yote ile, kibali! Nani atayamaliza maji ya bahari?"

"Shikamoo, baba! Kumbe upo? Basi niambie. Kama bahari isiyokwisha inachotwa kwa utaratibu, je, hiyo chemchemi yenu inayojaza ndoo taratibu?"

Danstan akaacha kucheka.

"Maji hayo ya mashine yana ladha gani?" Tecla akauliza.

"Hayana ladha, mama. Kila nikiyanywa natamani ya kwetu. Yale ya kuinama na shangazi na kunywa kwa viganja."

Simu ilipokatika, Tecla alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Padri ametangaza leo," akasema. "Jumatano afisa wa maji anakuja ofisi ya kijiji. Twende ukamuulize."

"Nimuulize nini? Maji ni yangu."

"Kama ni yako, baba Priscila, unaogopa nini?"

Siku hiyo ilipofika walikwenda. Afisa alikuwa dada mmoja anayeitwa Uwimana, kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, ofisi ya serikali inayosimamia maji ya eneo lote. Viatu vyake vilikuwa na tope, kwa maana alikwisha kuzunguka mabondeni. Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Danstan alikuwa wa kwanza kusimama.

"Chemchemi imo shambani mwangu. Aliichimba baba yangu, Mzee Hategekimana. Je, si yangu?"

"Shamba ni lako, baba," Uwimana akajibu. "Ulime, uwarithishe watoto. Lakini maji hayarithiwi. Sheria ya nchi yetu inasema maji yote ni mali ya umma. Serikali inayasimamia kwa niaba yetu sote, yawe ya mto, ya kisima au ya chini ya ardhi."

Minong'ono ikaanza. Mzee Anastazi, mtu wa mizaha, akapaza sauti: "Yaani mke wangu akiteka maji ya ugali aombe kibali? Si nitalala njaa!"

Watu wakacheka. Uwimana naye akacheka.

"Hapana, mzee, utakula. Kuteka ya kunywa, kupika, kuoga na kufua hakuhitaji kibali. Kibali ni kwa anayeziba mkondo, anayechepusha maji kwa mfereji, au anayejenga bwawa. Huyo aombe kwetu kwanza. Tunakuja, tunapima, tunasikiliza majirani. Kisha tunamwambia achukue kiasi gani. Kibali hakimfanyi kuwa mwenye maji. Kinampa ruhusa ya kuyatumia bila kuwakausha wenzake."

"Na yakiwa machache?" Tecla akauliza.

"Watu wanywe kwanza. Kisha kijito nacho kibakiwe na maji yake, kisife. Mazao yanafuata baadaye."

Danstan alikuwa bado amesimama. Alikuna kichwa. "Na dada yangu aliyeolewa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Maji hayaulizi nani ameolewa wapi, baba. Aliyeko chini ya mkondo ana haki ya kunywa, awe dada yako au mgeni."

Danstan akaketi. Asubuhi iliyofuata alichukua jembe, akayaondoa mawe, maji yakateremka. Akaomba kibali. Uwimana alikuja kupima. Alimwonyesha pia kwamba nyanya zilikaribia mno chanzo cha maji, akamwambia azisogeze hadi mita sitini kutoka hapo. Danstan akazihamisha, akatandaza majani makavu ya migomba chini yake ili udongo usikauke upesi. Kibali kilipotoka, kilimruhusu kuchukua sehemu ndogo tu. Nyanya zilipungua kidogo, lakini zilikomaa vizuri.

Ila Bonifasia hakuja. Tecla alisubiri asubuhi baada ya asubuhi. Mwisho alimtuma jirani kuuliza. Jibu likarudi: "Mwambie wifi, maji yameteremka, nimeyaona. Maneno ya kaka yangu bado yamekwama huko juu."

Tecla alimfikishia mumewe jibu hilo neno kwa neno. Danstan hakula chakula chake. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha pombe ya ndizi, kama wafanyavyo watu wanaokwenda kupatana. Wakashuka pamoja.

Bonifasia alikuwa uani akianika muhogo. Hakusimama.

"Dada," Danstan akaanza. Akamnyooshea kibuyu. "Dada, nilikukosea. Nilisema maneno ambayo baba asingeyasema. Nisamehe. Chemchemi ile ni yako kama ilivyo yangu."

Bonifasia akaendelea kugeuza muhogo. Kipande kimoja, kipande kingine. Tecla alikuwa akisali kimoyomoyo, midomo ikitikisika.

"Si yangu wala si yako, mjinga wewe," Bonifasia akasema hatimaye. "Hukumsikia yule binti wa bodi ya maji? Mimi nilikuwa dirishani, nilimsikia vizuri sana."

Akapokea kibuyu, akanywa, akamrudishia kaka yake. Kisha akajifuta mikono, akamgeukia Tecla, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Wifi, umekonda. Nani alikuwa akikuchekesha?"

"Hakuna," Tecla akasema.

Bonifasia akachukua ndoo yake iliyokuwa mlangoni.

"Twende," akasema. "Jua linakuwa kali."