Nilimwambia Asipaguse

Binti yangu mkubwa ni fundi cherehani. Tunashona pamoja sebuleni, yeye mashine, mimi vifungo. Mkasi upo mezani, lakini uzi yeye hukata kwa meno. Baba yake humtania kwamba ipo siku atatafuna na kitambaa.

Siku moja nikaona tone la damu kwenye kola ya shati jeupe la mteja. Nikadhani kajichoma sindano. Akasema ni fizi, hata akipiga mswaki hutoka damu.

"Basi hapo usipaguse, mwanangu," nikamwambia. "Kidonda hakisuguliwi. Sukutua maji ya chumvi, patapona."

Maneno hayo niliyasema mimi, mama yake. Akanitii miaka miwili. Fizi zikavimba, mdomo ukanuka, akawa anacheka kaziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani ni haya ya usichana. Halafu mchana mmoja akauma uzi, jino la mbele likacheza kama kifungo kilicholegea.

Daktari wa meno hakutugombeza. Alituonyesha kwenye kioo ukoga, ule uchafu unaoganda kwenye meno, uliokauka mpaka chini ya fizi. Akasema uzi haukuleta ugonjwa, ila umeyachosha meno yaliyokuwa yamelegea tayari. Maji ya chumvi hupoza tu, ukoga yanauacha palepale.

"Mama, damu ilikuwa inakuita," daktari akaniambia. "Penye damu ndipo pa kupiga mswaki. Mswaki laini, polepole, asubuhi na kabla ya kulala. Na isipokoma mje mapema."

"Tukianza leo, litakaza?" nikauliza.

Akagusa lile jino na la jirani yake. "Mengine tutayaokoa. Haya mawili mfupa wake umekwisha, na haurudi."

Akampiga sindano ya ganzi, akakwangua ukoga chini ya fizi, upande mmoja siku ile, wa pili wiki iliyofuata. Mawili akayang'oa. Mwanangu hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwenye benchi, mbele za watu.

Sasa fizi zake hazitoki damu, na uzi anakata kwa mkasi. Naandika ili mama mwingine asiseme nililosema.

Juzi mdogo wake alitema mate mekundu, akanitazama. Kabla sijafungua mdomo, dada yake akasimamisha mashine.

"Usimuulize mama. Hapo hapo penye damu, sugua polepole. Kesho nakupeleka kwa daktari."

Aliyasema hayo kiganja kikiwa mdomoni, kuziba pengo.