Mkono wa Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku aliingia chumba cha nyuma kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine hiyo ndiyo iliyowalisha nyumbani, na mayai yake yasipogeuzwa kutwa mara tatu, kifaranga hugandia ganda na kufa. Kazi ya kugeuza ilikuwa ya mama, lakini alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na bado hajapata nguvu. Basi ikamwangukia Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku hizo, ajabu, alikuwa kimya kama maji mtungini.

Yote yalianza na mchuuzi wa vifaranga. Trei mbili mfululizo, alizozipanga Chiriku mwenyewe, zilitoka na mayai viza zaidi ya nusu. Mchuuzi akacheka, akasema mtoto huyu ana mkono wa gundu, asije akamshika kichanga. Mzaha gani huo, jamani! Ulimwingia Chiriku mpaka mifupani. Tangu hapo hakuyagusa mayai. Aliingia, akasimama, akatoka, na akiulizwa alijibu kwamba ameyageuza. Akilala, alisikia vifaranga wakigonga ndani ya maganda, kisha wakinyamaza mmoja mmoja. Mama alipomwita ampokee mdogo wake, mara ana kikohozi, mara mikono michafu. Mama akadhani ni wivu, akaumia moyoni.

Trei ya tatu ilipotimiza siku zake, haukusikika hata mlio mmoja. Taa ilikuwa ileile nyekundu, joto lilelile. Chiriku alisimama mlangoni. Hakuwa na shaka tena kwamba mkono wake unaua.

Mamdogo wake, anayesomea uchumi chuoni, alikuwa amekuja kumjulia hali mzazi. Alivunja mayai machache juu ya gazeti. Vifaranga wote walikuwa wamegandia upande mmoja wa ganda.

"Ulikuwa unayageuza?" aliuliza.

Safari hii Chiriku hakudanganya. Akalia, akaeleza kila kitu, tangu maneno ya mchuuzi.

Mamdogo alitoa sarafu mkobani, akamwambia airushe na kutaja upande unaotokea. Ikaja namba, kichwa, kisha namba mara nne mfululizo. Chiriku akaiachia mezani kana kwamba imemchoma.

"Nayo ina gundu?" mamdogo aliuliza. "Haya, endelea."

Alirusha mpaka mkono ukachoka. Vichwa navyo vikaandamana, na mwishowe pande mbili zikakaribia kulingana.

"Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mwanzo, wala haimjui anayeirusha," mamdogo alisema. "Trei mbili mbovu humtokea kila mtotoleshaji, hata mama yako. Ni chache mno kumhukumu mtu. Lakini hii ya tatu si bahati, mwanangu. Hii umeifanya wewe, kwa kuogopa na kuficha."

Chiriku akaenda kumweleza mama, bila kisingizio. Mama aliwasikitikia vifaranga, kisha machozi yakamtoka kwa jambo jingine kabisa, kumbe haukuwa wivu uliomzuia Chiriku kumpokea mdogo wake.

Mzunguko uliofuata, Chiriku aligeuza kila yai. Vifaranga wengi walitoka, lakini mayai mengine yalibaki viza, baridi, kimya. Aliyatoa moja moja, akayatia ndooni. Kisha akanawa kwa sabuni, akaenda kuketi kitandani kwa mama na kunyoosha mikono.

Mama alimwekea kichanga, akamwonyesha jinsi ya kukinga shingo.

"Ukiogopa, sema," alimwambia. "Hofu ukiisema tutaipima pamoja. Ukiificha ndipo inapoharibu."

"Naogopa," Chiriku alisema.

Lakini hakumrudisha.