Nusu Kikombe cha Kahawa

Zamani asubuhi yangu ilianzia kisimani. Kisima kilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Babu yake mume wangu alikichonga kwenye mwamba, kikawa kinahifadhi maji ya mvua. Nilichota ndoo nne za kondoo na moja ya nyumbani. Huku vilimani, kusini mwa mji wa Khalil, bomba la maji lipo. Linapita kwenye shamba letu na kwenda kwa walowezi kule juu. Sisi hatuna hata tone.

Kisima kilipopata ufa, serikali moja ya Ulaya ilitusaidia kukikarabati. Ikaweka zege na mfuniko wa chuma wenye bendera yao ndogo. Mume wangu Khadir, Baba Rashad, aliipangusa bendera ile kila Ijumaa.

"Hata viatu vyako huvipangusi hivyo," nilimtania.

Mwezi wa tano askari wa jeshi linaloikalia nchi yetu walikuja na tingatinga. Walituonyesha karatasi: kisima hakina kibali. Kibali tuliomba mara tatu, tukanyimwa mara tatu. Kwa robo saa tu, kisima kikajaa mawe na udongo. Mfuniko ukakunjika.

Siku ya nne tukapata habari kwamba balozi wa nchi ile anakuja kutuona. Hapo ndipo tulipokosea, na mpaka leo najuta.

"Wageni hawawezi kukuta uchafu mlangoni," alisema Baba Rashad.

Tukafagia. Vipande vya zege tukavirundika nyuma ya zizi, na mfuniko pia, tukafunika kwa turubai. Tukachinja kondoo. Nikapika makluba, nikapindua sufuria mbele ya wageni, wali ukasimama vizuri na nyama yake juu.

Balozi alikuwa mama mrefu, mpole. Alikula akaongeza.

"Hali zenu vipi baada ya yale yaliyotokea?" aliuliza.

"Alhamdulillahi," alijibu Baba Rashad. "Mungu ataleta maji mengine. Ongeza nyama, mama."

Mimi nilisimama na sinia ya chai. Kondoo walikuwa wanalia kiu nje. Nikamimina chai.

Baada ya wiki mbili alikuja jirani yetu, Ibtisam. Kazi yake ni kuandika habari za nyumba na visima vinavyobomolewa. Alikuwa na taarifa ya balozi mkononi. Akatusomea mstari mmoja: "Familia ina moyo thabiti. Haikutoa ombi lolote."

"Baba Rashad," alisema, "umewalisha mpaka wakasahau kilichowaleta."

"Nimwombe mgeni aliye nyumbani kwangu? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Nani kasema uombe sadaka? Serikali yake imesaini mkataba wa sheria za vita. Anayekalia nchi ya wengine kwa nguvu haruhusiwi kuvunja mali za watu bila ulazima wa vita. Haruhusiwi kuleta watu wake kuishi pale. Na waliosaini wameahidi kuhakikisha mkataba unaheshimiwa."

"Lakini si wanatoa taarifa za kusikitika kila siku?" niliuliza.

"Kusikitika tunaweza wenyewe, Mama Rashad. Serikali ina kazi yake. Itamke kwamba hili ni kosa. Idai fidia ya ilichojenga. Itume mtu mahakamani kesi inaposikilizwa. Isinunue mazao yanayolimwa kwenye ardhi ya kunyang'anywa."

"Na ikikataa?"

"Ikatae kwa maandishi. Raia wake wataiuliza kwa nini."

Baba Rashad alitikisa kichwa. "Bado siwezi kumdai mgeni," alisema.

"Basi mgeni uwe wewe," alisema Ibtisam.

Mume wangu akamtazama. Kwetu, mwenye shida akienda kwa mtu, huweka kikombe cha kahawa chini. Hanywi mpaka mwenyeji amjibu.

Tukaenda mjini Ramallah, ofisini kwa balozi, sote watatu. Tulibeba picha zenye tarehe, barua za kunyimwa kibali, na ule mfuniko ndani ya gunia. Balozi alitupokea vizuri. Kahawa ikaletwa. Baba Rashad akaiweka mezani.

"Kunywa, itapoa," alisema balozi.

"Ipoe."

Ibtisam akamweleza maana yake. Balozi akavua miwani.

"Siku ile mbona hukusema?"

"Siku ile ulikuwa mgeni wangu. Leo mimi ni mgeni wako." Akautoa mfuniko kwenye gunia. "Hii bendera ni yenu. Mnafanya nini?"

Kisha akamtajia yote, moja moja, kama Ibtisam alivyotufundisha, pamoja na kesi ya kisima cha Ibtisam mwenyewe, ambacho nacho kilikuwa na amri ya kubomolewa.

Balozi aliandika. "Barua ya kudai fidia itatoka," alisema mwishowe. "Na kesi ya kisima cha jirani yenu huyu, nitatuma mtu. Lakini hayo ya mazao yako juu ya uwezo wangu. Nitawaandikia wakubwa zangu."

Baba Rashad alikunywa nusu ya kahawa, akakirudisha kikombe mezani.

"Nusu umejibu," alisema. "Nyingine nimekuachia."

Barua ilitoka kweli. Kesi iliposikilizwa, mtu wa ubalozi alikaa mstari wa mbele, na amri ya kubomoa kisima cha Ibtisam ikasimamishwa. Sasa tunachota maji huko, mwendo wa nusu saa na punda.

Kisima cha babu kimebaki mawe. Kiangazi kile tuliuza kondoo thelathini, maana hatukuwa na maji ya kuwapa. Tungeacha vile vifusi mlangoni, labda barua ingetoka mapema. Mimi niliyefagia najua.

Mfuniko sasa tunauacha kizingitini. Kila mgeni lazima auvuke, na kabla ya chakula tunamweleza ulifikaje pale. Balozi yule amehamishwa. Mwaka huu alikuja mwingine, kijana mchangamfu. Baba Rashad alimkaribisha, akamwonyesha mfuniko, akampa karatasi zote.

Kisha akamuuliza, "Ile nusu ya kahawa yangu, walikukabidhi?"