Nani Anaizima Printa Ukutani?

Kila siku Sindano alipotoka shuleni alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akakaa kwenye kigoda kando ya printa ya mama yake. Mama alichapa nyumbani: kadi za harusi, ratiba za mikutano, vyeti vya watoto wa chekechea. Kazi ya Sindano ilikuwa kupokea karatasi zikitoka na kuzipanga. Jina lake alilipata kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na kigoda kile kilikuwa kiti chake cha enzi tangu ana miaka saba. Sasa alikuwa na kumi na miwili.

Kisha akaja Asali, mtoto wa mjomba, kuishi nao. Jina hilo alipewa na mama siku ya kwanza tu. Asali ameosha vyombo bila kuambiwa! Asali hakunji karatasi! Wiki ya pili, Asali akakalishwa kwenye kigoda.

"Wewe umeshakua, mwanangu. Pumzika kidogo," mama alimwambia Sindano.

Apumzike! Nani alisema amechoka?

Swichi ya printa ilikuwa ukutani, nyuma ya kabati, karibu na mlango. Jumatatu jioni, Asali alipokuwa akichapa mchoro wake wa sayansi, Sindano alipitisha mkono nyuma ya kabati. Tak! Printa ikanyamaza katikati ya kazi.

"Shangazi, mashine imegoma!"

"Iache hadi kesho," mama alijibu kutoka jikoni.

Sindano alicheka kimoyomoyo hadi mbavu zikamuuma. Asubuhi akaiwasha swichi kama vile hakuna kilichotokea. Jumanne akarudia. Jumatano na Alhamisi pia.

Ijumaa, mama alianza kuchapa vyeti sitini vya chekechea, vya kuchukuliwa Jumamosi saa nane mchana. Cheti cha kwanza kilitoka na mistari myeupe. Nembo ya shule, iliyotakiwa kuwa ya buluu, ilifanana na maji yaliyooshewa brashi. Mama aliiamuru kompyuta isafishe kichwa cha kuchapia, kile kinachotema wino, mara moja, mara mbili, hadi mara tano. Wino ukapungua, mistari ikabaki.

"Asali, umeifanya nini mashine hii?"

"Sijaifanya kitu, shangazi."

"Basi usiiguse tena."

Sindano akakalia kigoda chake. Utamu wake ulidumu kama dakika kumi hivi. Kisha akamsikia mama akiongea kwa simu: "Mwalimu, nakuomba, usiipeleke kazi kwa mtu mwingine. Kesho saa nane utavikuta vyeti tayari."

Jumamosi asubuhi alikuja fundi, mama mcheshi aliyeitwa Bisibisi kwa sababu alichomeka bisibisi ndogo kwenye nywele kama kibanio. Kwanza alichapa karatasi ya majaribio, yenye mistari myembamba ya rangi nne. Mistari ya buluu ilikatikakatika.

"Hiki ni kitana cha bibi yangu," alisema. "Meno matatu, na yote hayasalimiani."

"Nimeisafisha mara tano," mama akalalamika.

"Ndiyo maana umebaki na nusu ya wino. Safisha mara mbili au tatu. Ikikataa, tafuta sababu." Akachomoa katriji ya buluu, kikopo cha wino chenye matundu ya kuchapia chini yake, akaigeuza. "Haya, wino umekauka kwenye matundu. Mashine ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi kwenye kona yake kikafunikwa. Ikikatiwa umeme ghafla, kinalala wazi usiku kucha. Nani anaizima ukutani?"

Mama akamtazama Asali. Asali akainama.

"Labda ni mimi, shangazi. Labda niligusa swichi nikifagia. Nisamehe."

"Angalau umesema ukweli, mwanangu," mama akasema, akamshika bega.

Damu ikampanda Sindano. Hata kosa lisilo lake, huyu analikosea vizuri! Hata kwa lawama anasifiwa!

"Si yeye!" alifoka. "Ni mimi! Siku nne nzima, mimi! Yeye hata swichi yenyewe hajui iliko!"

Alipojisikia, alitamani kuyameza maneno yake. Bisibisi alicheka hadi bisibisi ikamdondoka. "Sijaona mtu anayegombania kosa kama zawadi!"

Mama hakucheka. "Kwa nini, Sindano?"

"Kigoda ni changu." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Uliniambia nipumzike. Sikuwa nimechoka."

Fundi aliagiza maji ya vuguvugu na kitambaa laini. Sindano aliambiwa aikalishe katriji, matundu chini, juu ya kitambaa chenye unyevu kwa dakika kumi. Asali alikaa kando yake akitazama saa.

"Zimebaki nne, dada."

"Usiniite dada."

"Zimebaki tatu, Sindano."

Sindano akajikuta anacheka. Doa la buluu lilikuwa likitanuka kitambaani.

Cheti kilichofuata kilitoka safi, nembo inang'aa. Mama akaleta kigoda cha pili: Asali akaingiza karatasi, Sindano akapokea. Saa nane mwalimu alikuta vyeti sitini mezani, na Sindano mlangoni, aliyeagizwa na mama aeleze mwenyewe kilichokaribia kuiharibu kazi.

Bisibisi alikuwa akikusanya vifaa vyake. "Wino mkavu tumeuamsha," alimwambia Sindano. "Wivu nao ukikuuma, mwambie mama yako siku hiyo hiyo, ungali mbichi. Ukiulaza wazi siku nne, unaziba kila tundu, na anayeumia ni asiyekukosea. Na huo, mwanangu, sina maji ya kuulainishia."

Jioni Sindano alibonyeza kitufe cha printa, akasubiri kichwa kirudi kwenye kona yake.

"Mama, bado nina wivu."

"Kiasi gani?"

Sindano akafikiri. "Mstari mmoja tu."

"Haya, njoo hapa," mama akasema, akasogea kumpisha akae. "Nieleze huo mmoja."